Kurasa Mbili za Kaunta Buku

Mwalimu mstaafu anayekuja kusomea gazeti kwenye benchi la duka langu ana neno lake moja: nchi hii ina kodi kubwa kuliko zote duniani. Hulisema huku anakunywa soda, nami humkumbusha kwamba ndani ya chupa hiyo mna kodi mbili, ushuru wa bidhaa na VAT, kwa hiyo anywe polepole asije akaimaliza serikali. Tumebishana hivyo miaka mingi hapa Kiomboi. Januari 2024 nikachoka kubishana kwa mdomo. Nikatoa kaunta buku jipya kwenye shelfu, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza: KODI. Kila shilingi itakayotoka kwangu kwenda serikalini mwaka huo, kwa mlango au kwa dirisha, itaandikwa humo.

Si kazi ngeni kwangu. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika zamani, wakulima wa bondeni Shelui walipokuwa wakituletea pamba, na nimezoea kuamini tarakimu kuliko maneno. Leo nina duka la rejareja na eka tatu za alizeti. Nyumbani tupo sita: mimi, binti yangu na mumewe ambaye ni mwalimu, wajukuu wawili wanaosoma, na wa tatu aliyezaliwa mwaka huohuo wa daftari. Huyu wa tatu ndiye aliyeniharibia hesabu, nitamfikia.

Nianze na kodi ya duka, kwa sababu wengi wanailipa bila kujua inavyopigwa. Mfanyabiashara mdogo asiye na hesabu kamili hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka. Chini ya milioni nne halipi kodi ya mapato. Kati ya milioni saba na kumi na moja, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000, kisha asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni saba. Mimi niliuza milioni tisa. Kwa kuwa daftari lilikuwepo, nililipa 150,000. Jirani yangu anayeuza kiasi kilekile, na ambaye huweka hesabu zake kichwani, alilipa 250,000. Tofauti hiyo ya laki moja ndiyo bei ya kalamu. Nimemweleza, akacheka, akasema kichwa chake hakipotezi kitu. Kimempotezea laki.

Leseni na ushuru mdogo mdogo wa halmashauri, 70,000. Kodi ya jengo siku hizi inakuja na umeme: tangu Agosti 2021 ukinunua LUKU wanakukata humohumo, zamani 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kwa mwaka ni 18,000. Umeme wenyewe nao umebeba mizigo yake: katika kila uniti ya shilingi mia moja unaongezwa VAT asilimia 18, asilimia 3 za nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Kwa uniti zangu sitini za mwezi ikaja 15,840 kwa mwaka. Tozo ya kutoa pesa kwenye simu, ile inayoandikwa kwenye ujumbe, 23,400. Mifuko arobaini ya saruji ya chumba cha uani, 40,000, maana tangu Julai 2023 kila mfuko wa kilo hamsini unakatwa shilingi 1,000 za ushuru kabla hata VAT haijaguswa.

VAT ndiyo inayojificha. Haidai, haigongi mlango, imekaa ndani ya bei. Unga, maharage na mchicha wa sokoni havina. Sabuni, mabati, vocha na hiyo saruji vinayo. Kuitoa ndani ya bei si kupiga asilimia 18 moja kwa moja kama wengi wanavyofanya. Unagawanya bei kwa 118, kisha unazidisha kwa 18. Vitu vyangu vya namna hiyo vilifika 1,240,000, na VAT iliyokuwa ndani ni kama 189,000. Kwa hiyo kodi kubwa kuliko zote niliyolipa mwaka mzima ni ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kunidai.

Mafuta ya bodaboda sikuyaweza. Katika lita moja ya petroli mna shilingi mia ya barabara za TARURA iliyoongezwa 2021, mna mia ya umeme vijijini, mna ya maji, mna nyingine. Lakini siwezi kumuuliza kijana wa bodaboda kila siku amechoma mililita ngapi kunifikisha shambani. Nikaacha. Mshahara wa mkwe nao sikuuweka, ni wake. Ila nilimpigia hesabu kwa udadisi: mshahara wa laki nane ukitoa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni inabaki 760,000, na kodi yake ni 68,000 kila mwezi, inakatwa hajaiona. Wafanyakazi wa serikali ndio walipakodi watulivu kuliko wote nchini, kwa sababu hawaulizwi.

Jumla ya ukurasa wa kwanza: shilingi 506,240.

Mwalimu alipoiona alipiga kofi la paja. "Si nilikwambia?" Nikamwambia asubiri, kwa sababu tangu Machi nilikuwa nimelazimika kufungua ukurasa wa pili, unaotazamana na ule wa kwanza, na kichwa chake kilinisumbua kukipata. Niliandika MICHANGO, nikakifuta, nikaandika TENA.

Ulianzia shuleni. Elimu haina ada tangu Januari 2016, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na baadaye mpaka cha sita. Ni kweli, na mimi niliyewahi kuuza mbuzi kulipia ada sitakubali mtu aibeze. Serikali inapeleka shuleni 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Gawanya elfu kumi kwa siku za masomo uone inanunua chaki ngapi. Kwa hiyo mtoto anarudi na karatasi: mahindi na maharage ya chakula cha mchana, hela ya mpishi, mlinzi, mitihani ya majaribio, rimu moja ya karatasi, ndoo, fagio. Rais Magufuli aliipiga marufuku michango hiyo Januari 2018, na kwa muda ikanyamaza kweli. Kisha ikarudi ikiitwa ya hiari. Hiari hiyo ilinigharimu 187,000 kwa watoto wawili.

Sasa mjukuu wa tatu. Ilikuwa usiku wa Agosti, saa saba, binti yangu akasema, "Mama, siwezi kungoja asubuhi." Tukapanda bodaboda mbili mpaka kituo cha afya. Kituo kile ni kipya, majengo mazuri, vigae vinang'aa, ni mojawapo ya vile vilivyojengwa miaka hii ya tozo. Muuguzi alikuwa mpole, amechoka, yuko peke yake. Akachana kipande cha boksi la glovu akaniandikia nyuma yake: glovu jozi tano, mpira wa kulalia yadi mbili, pamba, uzi, dripu mbili, sindano. Sera inasema mjamzito hatozwi. Hakunitoza. Alinituma tu dukani. Duka la dawa la ng'ambo hufunguliwa usiku ukigonga dirisha, na mwenye duka hakushangaa kuniona. Orodha anaijua kwa moyo. 46,500. Kipande kile cha boksi ninacho, nimekibana kwenye daftari kwa pini, maana ndiyo stakabadhi pekee.

Alfajiri ikaonekana mtoto amekaa vibaya. Chumba cha upasuaji kipo, taa zake zinawaka, meza yake ina nailoni bado. Mtaalamu wa usingizi ni mmoja na alikuwa likizo. Gari la wagonjwa lipo, mafuta ndiyo hakuna. Nikatoa 60,000, tukapelekwa hospitalini, binti akapasuliwa, mtoto akalia. Anaitwa jina langu.

Nimelitafakari tukio lile kuliko ukurasa wowote. Bila jengo lile, bila gari lile, pengine ningezika watu wawili. Mama yangu mdogo alifariki kwa uzazi wa namna hiyohiyo, amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Kwa hiyo anayeniambia kodi haileti kitu, simsikilizi. Lakini pia niliona kwa macho yangu kodi inapoishia. Inajua kujenga. Haijui kukaa ndani ya ilichojenga. Jengo lina utepe wa kukatwa na jiwe la kuandikwa jina. Mshahara wa mtaalamu wa pili wa usingizi hauna utepe, na lita arobaini za dizeli hazizinduliwi na mtu.

Na tuseme ukweli, sisi watu wa hapa tuna aibu fulani katika kulalamikia tozo ya miamala ya simu. Ilipoanza Julai 2021, ikikata hadi shilingi elfu kumi kwa muamala mmoja, waziri wa fedha aliyeileta bungeni alikuwa Mwigulu Nchemba, mbunge wetu wa Iramba Magharibi. Nchi nzima ilipiga kelele. Ikapunguzwa asilimia 30 Septemba ileile, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na bajeti ya 2023 ikaifuta kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Wateja wangu walirudi kupeana hela mkononi, mawakala wa hapa stendi wakawa wanapiga miayo. Hata hivyo, ndizo fedha zilizotumwa kwenye tarafa kujenga vituo vya afya, milioni 250 za kuanzia kwa kituo kimoja. Ni mara chache Mtanzania ameona kodi ikiondoka kwenye simu yake na kurudi ikiwa tofali. Kero ilikuwa kiwango, na kwamba ilimkamata aliyekuwa anamtumia mama yake elfu ishirini.

Jambo jingine la miaka ile: Oktoba 2021 serikali ilitangaza madarasa 15,000 kwa sehemu ya zile shilingi trilioni 1.3 za IMF, milioni ishirini kila darasa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu darasa linajengwa na hakuna aliyepita nyumbani kudai tofali, mchanga wala kuku wa fundi. Nilifurahi mpaka nikakumbuka ule ni mkopo, na mkopo hulipwa kutoka ukurasa wa kwanza.

Kwa nini tunalipa mara mbili? Jibu langu limo kwenye kofia ya marehemu baba. Ndani ya kofia ile, chini ya kitambaa, alikuwa akihifadhi stakabadhi ya kodi ya maendeleo, imefungwa kwa nailoni. Miaka ya tisini mgambo walikuwa wakiweka kizuizi njia ya mnadani. Mwanaume asiye na stakabadhi alikamatwa na mbuzi wake. Waliokosa walilala porini msimu mzima wa makusanyo. Hofu ile ni ya kurithi. Wajerumani waliweka amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ilipwe kwa rupia, na aliyekosa rupia alikwenda kuzitafuta kwenye vibarua vya mashamba yao. Dhahabu ya hapa kwetu Sekenke, chini ya mlima, ndiyo waliyoipigia sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916 vita ilipowabana, zile zenye tembo. Sidhani kama kisima kimoja Iramba kilichimbwa kwa dhahabu hiyo. Waingereza wakaendeleza kodi ya kichwa, uhuru ukaja, kodi ikafutwa, ikarudi na serikali za mitaa miaka ya themanini ikiitwa ya maendeleo.

Juni 2003 Waziri Basil Mramba akaifuta. Baba akaichoma stakabadhi ya mwisho kwenye jiko, akaitazama mpaka ikawa majivu. Tulishangilia, na nisingependa irudi. Ila halmashauri ikapoteza hela iliyokuwa ikiikusanya yenyewe, ikabaki kuinyooshea mkono serikali kuu. Miaka mitatu baadaye ukaja msukumo wa shule za sekondari za kata, na nani alizijenga? Sisi, kwa mchango wa kaya. Kodi iliyofutwa kwa mlango wa mbele ikaingia kwa mlango wa jikoni, safari hii haina kiwango, haina sheria inayoisema waziwazi, na mara nyingi haina karatasi. Kwa tajiri na kwa mjane, debe la mahindi ni debe lilelile.

Tumalize ukurasa wa pili. Bima ya CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu sita, 30,000. Dawa zilizokosekana dirishani nikazinunua nje, 118,000. Pampu ya maji iliyoharibika, 15,000. Kalavati, 10,000, pamoja na siku mbili za kuchimba mfereji ambazo sikuzipa bei. Ulinzi wa usiku, elfu moja kila mwezi, 12,000. Ukijumlisha na ya shule, ile orodha ya boksi na dizeli, inafika 478,500.

Kurasa zote mbili: 984,740. Faida ya duka na alizeti kwa mwaka ule ilikuwa kama milioni tatu na laki tatu. Ukurasa wa kwanza peke yake ni asilimia 15 ya mapato yangu. Kurasa zote mbili ni karibu 30.

Hapo ndipo hoja ya Mwalimu inapogeuka. Kodi ya Tanzania, ukiilinganisha na pato lote la taifa, ni kama asilimia 13 tu. Sweden inapita 40. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 TRA ilikusanya zaidi ya trilioni 32, na ukizigawa kwa Watanzania milioni 61 wa sensa ya 2022, ni kama nusu milioni na ushei kwa kichwa, ya kuendeshea kila kitu: jeshi, madeni, reli, mishahara, dawa. Si chungu kikubwa. Sisi si nchi ya kodi kubwa. Sisi ni nchi ya kodi ndogo yenye huduma ya gharama, kwa sababu kinachopungua kwenye chungu hakifutiki. Kinahamia kwenye pochi ya aliye karibu na shule, karibu na wodi.

Nimemtaja Mswidi kwa makusudi. Waliotuletea hospitali hapa Kiomboi, ambayo leo ni ya wilaya, walikuwa wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, Wamarekani wenye asili ya Sweden, na makao ya kanisa lao yalikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Na huko Minneapolis ndiko anakoishi mtoto wa kaka yangu, fundi wa magari. Alianza maisha Houston, Texas, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo hata senti. Minnesota mwenye kipato kikubwa anafika asilimia 9.85, juu ya kodi ya serikali kuu. Nilimpigia nikamwuliza kwa nini alihama kutoka pasipo kodi kwenda penye kodi.

"Shikamoo shangazi. Nilifuata kazi, sikufuata kodi," akasema. "Ila Texas kodi ya nyumba ilikuwa inanitoa jasho. Huku wananikata, lakini tangu 2023 watoto wanakula shuleni bure, asubuhi na mchana, wa tajiri na wa fundi. Mke wangu hafungi chakula tena."

Nikatazama ukurasa wangu wa pili: mahindi debe mbili, maharage, hela ya mpishi. Nilichokuwa nalipia pembeni, yeye kimo ndani ya kodi. Sisemi tuwe Minnesota. Mvua yetu yenyewe hatuna uhakika nayo. Na kodi si makusanyo tu: mwaka 2022 serikali ilipopunguza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, mlaji wa mjini alipumua, na msimu uliofuata bei ya alizeti Singida ikaanguka, magunia yakalala ghalani. Anayepanga kiwango cha ushuru Dodoma anapanga na mlo wangu.

Mwalimu amesoma kurasa zote mbili kwa miwani, polepole, kama anasahihisha. Soda yake ikapata joto. Mwisho akauliza swali moja: "Zenye risiti ni zipi?"

Ukurasa wa kwanza karibu zote zina risiti ya mashine au ujumbe wa simu. Hata VAT nilipouziwa saruji "bei ya bila risiti" nilikataa, nikalipa iliyo na risiti. Ukurasa wa pili, bima ndiyo yenye stakabadhi, na rimu. Zilizobaki ni maandishi yangu na kile kipande cha boksi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu humkabidhi Rais ripoti kila mwisho wa Machi, na huko tunasoma mabilioni yaliyopotea. Hela ya kalavati haimo humo, kwa sababu haikuwahi kuwa hela ya serikali.

Kwa hiyo nikaanza na kalavati. Mkutano wa mtaa wetu uliopita nilisimama na daftari, nikauliza zilikusanywa ngapi na zimenunua nini, maana mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya wananchi kila miezi mitatu. Mwenyekiti alisema swali ni zuri na hesabu ataileta mkutano ujao. Mkutano huo ni Jumamosi ya pili ya mwezi huu, saa nne asubuhi. Duka litafungwa mpaka saa nane. Mwalimu na mimi tutakuwa mstari wa mbele, na kama wewe nawe ulitoa elfu kumi ile, njoo na jina lako.